Kofia ya baridi ya Juni kutoka kwenye sweta la mtumba

Kati ya Juni na Agosti, Arusha huamka chini ya wingu zito, na anayeteremka alfajiri kutoka Machame au Marangu kwenda Moshi mjini huwa amejifunika mpaka masikio. Kofia nzuri ya kufuma inataka gramu 80 hadi 100 za uzi wa unene wa kati. Uzi wa akriliki wa dukani unafaa na unafulika kirahisi. Lakini ukitaka sufu halisi, anza kuitafuta kwenye marundo ya masweta ya mtumba: soko la Memorial kwa watu wa Moshi, soko la Kilombero kwa watu wa Arusha. Sweta moja la mtu mzima lenye gramu 350 au 400 linatosha kofia, skafu fupi na vikinga mkono vya zawadi, mradi uwe umechagua sweta linalofumulika.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, mwambie muuzaji, "Mama, naomba niligeuze nione mshono." Angalia mshono wa ubavuni kwa ndani. Ukiona kingo zimepigwa ovaloki, lirudishe hata kama ni laini kama pamba. Sweta hilo lilikatwa kwenye kitambaa kipana, na kila mstari wake umekatika pale ubavuni. Ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi. Unalotafuta lina kingo nzima, zinazofanana na msuko mwembamba, zilizoshikanishwa kwa uzi uliopita kama mnyororo. Epuka pia sweta lililoganda kwa kufuliwa na maji ya moto, lile ambalo mistari yake haionekani tena. Nyuzi zake zimeshikana na zitakatika mikononi mwako. Tundu la nondo nalo ni mkato, na kila mkato ni fundo la kuficha baadaye.

Kama lebo imekatwa, ukifika nyumbani choma kipande kidogo cha uzi juu ya sahani. Chukua uzi wa sweta lenyewe, maana wa mshono mara nyingi ni wa aina nyingine. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Pamba inaungua kama karatasi. Kwa anayepanda mlima, kofia ya pamba haifai kabisa: ikilowa inabaki na maji na kichwa kinapoa, wakati sufu hata ikiwa na unyevu bado inahifadhi joto.

Fungua mishono kwa kiwembe, taratibu, utenganishe mikono na kiwiliwili. Sweta nyingi zilianza kufumwa chini zikamalizikia shingoni, basi fumua kuanzia shingoni kushuka. Uzi ukigoma kila kitanzi, ujue unavuta kutoka upande ulioanziwa. Geukia upande wa pili. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa kamba ya pamba usijisokote, kisha uloweke dakika 20 hadi 30 kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Usifikiche. Suuza kwa maji ya joto lile lile, kamua kwa kuufunga ndani ya taulo, halafu uning'inize kivulini na kitu chepesi chini yake. Ukifuma uzi ungali na mawimbi, vitanzi vinatoka vikubwa na vidogo, na kofia inabadilika ukubwa siku ya kwanza kufuliwa. Wakati wa mawingu ya Julai upe siku mbili au tatu ukauke.

Uzi wa mtumba kwa kawaida ni mwembamba, hivyo shika nyuzi mbili au tatu pamoja. Zizungushe kwenye rula bila kukaza: mizunguko 8 hadi 11 ndani ya sentimita 2.5 ndio unene wa kati tunaoutaka. Sindano ni za milimita 4.5. Zile za zamani zenye namba za Uingereza zinahesabiwa kinyume, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, milimita 4.5 ni namba 7, milimita 4 ni namba 8. Spoki za baiskeli zilizosuguliwa ncha zinafuma vizuri sana, ila ni nyembamba, kama milimita 2, kwa hiyo ziweke kwa soksi na uzi mmoja mwembamba.

Sasa kipande cha kipimo. Hiki ndicho kinachorukwa, na ndicho kinachoamua kama kofia itavaliwa au itakaa kabatini. Anzisha vitanzi 30, fuma sentimita 12, funga, fua, kausha, kilaze mezani bila kukivuta. Pima sentimita 10 katikati, mbali na kingo, uhesabu. Tunataka vitanzi 20 kwa upana na mistari kama 28 kwa urefu. Ukipata 22, tofauti inaonekana ndogo, lakini kofia ya vitanzi 102 itatoka na sentimita 46 badala ya 51, na hiyo ni kofia ya mtoto. Usijaribu kulegeza mkono, kwa sababu ukizama kwenye kazi mkono unarudi kwenye tabia yake. Badili sindano: vitanzi vikizidi chukua nene zaidi, vikipungua chukua nyembamba.

Pima kichwa kwa futi ya fundi, juu kidogo ya nyusi na masikio. Mwenye rasta au nywele nyingi apimwe akiwa nazo, jinsi atakavyovaa. Toa sentimita 5, maana kofia inapaswa kuvutika ndipo ishike. Kichwa cha 56 kinabaki 51. Mara vitanzi 2 kwa kila sentimita, unapata 102. Hesabu ikikataa, sogea mpaka idadi inayogawanyika kwa nne ikabaki mbili: 94, 98, 102, 106.

Tutaita shono la mbele lile unalofuma uzi ukiwa nyuma ya sindano, na shono la nyuma lile la uzi kuwa mbele. Anzisha vitanzi 102 juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha chomoa moja. Ukingo ukianzishwa kwa kukaza utaacha alama kwenye paji la uso. Fuma mbele mbili, nyuma mbili, umalizie na mbele mbili. Ukigeuka, anza na nyuma mbili, mbele mbili, umalizie nyuma mbili. Rudia mistari hiyo hadi sentimita 6, ukingo uwe wa kuvutika. Kisha endelea mstari mmoja wote mbele, mmoja wote nyuma, mpaka kazi nzima ifike sentimita 15 kutoka chini. Anayetaka kofia ya kukunja afume ukingo sentimita 12 na afike 21 kabla ya kupunguza.

Kupunguza kunafanyika kwenye mstari wa mbele. Fuma kitanzi 1 cha pembeni, halafu mara kumi: fuma 8, kisha 2 kwa pamoja, malizia na 1. Vimebaki 92. Mstari wa kurudi, wote nyuma bila kupunguza. Mstari wa mbele unaofuata fuma 7 badala ya 8, halafu 6, halafu 5, hivyo hivyo hadi unapofuma mbili mbili kwa pamoja tu na kubaki na vitanzi 12. Kata uzi ukiacha sentimita 50, upitishe ndani ya vitanzi hivyo kwa sindano butu, vuta mpaka tundu lifungike, upitishe mara ya pili, kisha shona ubavu kwa uzi huo huo ukichukua kitanzi kimoja kila upande.

Hesabu vitanzi kila baada ya mistari 10. Vikiongezeka vyenyewe, karibu kila mara kosa liko mwanzoni mwa mstari: uzi umepita juu ya sindano, na kitanzi cha kwanza kikavutika kikaonekana viwili. Uzi ukae chini ya sindano kabla ya kuanza. Kitanzi kikianguka usifumue kazi nzima. Kidake kwa kroshia, ukipandishe ngazi kwa ngazi hadi juu.

Vikinga mkono ni zawadi nzuri kwa dereva wa bodaboda anayetoka alfajiri, kwa kuwa vidole vinabaki huru kwa breki na simu. Anzisha vitanzi 42, fuma ukingo ule ule wa mbili mbili mpaka sentimita 20, funga kwa kulegeza. Kunja, shona ubavu sentimita 13 kutoka chini, acha 5 za dole gumba, shona 2 za juu. Viwili vinakula kama gramu 50.

Kwa mtoto mchanga, ambaye kichwa chake ni sentimita 33 hadi 36, chukua uzi laini unaofulika kila siku, na usiweke kamba wala kishada. Kwa mwanamke anayelinda nywele zake, shonea ndani kitambaa cha satini, kwani sufu inakwangua kingo za nywele.

Kila zawadi iende na karatasi ndogo ya maelezo. Ya sufu: maji ya uvuguvugu, bila kufikicha, ikauke ikiwa imelazwa. Ya akriliki: isipigwe pasi, maana joto linailegeza, na ikivutwa hairudi tena. Na ndani ya kofia weka mita tano za uzi ule ule, umekunjwa, wa kuzibia siku itakapotoboka.