Chatu wa kifalme akishika mimba nje ya msimu

Kwao Afrika Magharibi, chatu wa kifalme hutaga mwishoni mwa kiangazi. Akifugwa ndani, kwenye joto lilelile mwaka mzima, mpangilio huo huvurugika. Anaweza kutaga hata Septemba, dume akiwa ameondolewa miezi kadhaa nyuma, maana jike huhifadhi mbegu mwilini. Kwa hiyo usihesabu tangu alipopandwa. Hesabu tangu alipojivua gamba.

Kwanza hutokea uvimbe katikati ya mwili, kana kwamba kameza panya mkubwa ilhali hajala: mayai yamepevuka. Hudumu takriban siku moja tu, ndiyo maana wengi hawauoni. Wiki mbili hadi tatu baadaye anajivua gamba. Andika tarehe hiyo kwenye kizimba. Atataga siku ya 25 hadi ya 35 baada yake, aghalabu karibu na ya 30.

Kipindi hiki hugoma kula, hushinda penye joto, pengine kalala tumbo juu. Si ugonjwa, tafadhali usimlishe kwa nguvu wala usimbonyeze tumbo. Upande mmoja uwe nyuzi 31 hadi 32, mwingine 26, maji yasikosekane. Mwekee boksi la kutagia lenye kuvumwani (mimea midogo laini ishikayo maji) iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa.

Akishataga, weka alama ya penseli juu ya kila yai kabla hujalinyanyua, na lisigeuke tena: kiinitete hujishikiza juu, ukiligeuza hufa. Yaliyogandamana yaache hivyo hivyo. Kwa kulazia mayai, changanya vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zishikazo unyevu) gramu 500 na maji gramu 500. Ukiifinya isidondoshe tone. Mashine ya kutotolea iwe nyuzi 31 hadi 32, kwa siku 55 hadi 60. Yai zima ni jeupe, na ukilimulika tochi gizani utaona mishipa myekundu. Lisilorutubishwa huwa dogo, la manjano.

Kwa walio Ulaya, mayai ya Oktoba hulelewa wakati wa baridi kali. Chumba kikipoa usiku mashine dhaifu huzidiwa, basi pima joto alfajiri, tena palepale kwenye mayai.

Siku ya 35 ikipita bila yai, au akitaga machache na tumbo likabaki na uvimbe mgumu, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua nyoka. Kulisukuma yai kwa vidole kunaweza kupasua mrija wa uzazi. Aliyetaga asipandishwe tena mpaka arudie uzito wake, usiopungua gramu 1,500.