Jinsi ya Kupanga Ploti ya Nyumba za Kukodisha Kisumu ili Wapangaji Waishi kwa Furaha

Mtu anayejenga nyumba za kukodisha Manyatta au Nyalenda kwa kawaida huanza kwa kuhesabu vyumba vitakavyoingia kwenye ploti yake ya futi 50 kwa 100, na nafasi inayobaki ndiyo huitwa ua. Ningemshauri aanze na huo ua. Mpangaji atazoea sakafu isiyo na vigae baada ya muda mfupi, lakini ni vigumu mno azoee chumba kinachofukuta usiku kucha, au kijia chembamba ambamo hawezi kumpisha jirani bila kugusana naye mabega.

Kabla ya lolote, tazama jua na upepo. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita juu ya paa, na kuta za kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi na upenu wa futi mbili au tatu. Kuta za mashariki na magharibi hazina kinga hiyo, kwa maana jua huzipiga likiwa chini, na ukuta wa magharibi huumia zaidi kwa sababu zamu yake hufika wakati jengo zima limekwisha kupata moto. Mwombe msanifu alaze jengo kutoka mashariki kwenda magharibi, ili madirisha yatazame kaskazini na kusini. Ugumu ni kwamba upepo wa mchana hutoka ziwani, yaani hasa upande huohuo wa magharibi tunaoukwepa. Kwa hiyo usiuzibe mwisho wa ua unaoelekea ziwani kwa ukuta mrefu wa mawe. Acha pengo hapo, panda mwarobaini au mwembe ukatize jua, na upepo utapita chini ya matawi hadi kwenye milango. Kila chumba kiwe na matundu ya hewa pande mbili, na kila dirisha liwe na wavu, kwa kuwa pasipo wavu mpangaji atalifunga jua likitua kwa kuhofia mbu, na upepo wote uliompangia hautamfaa. Chini ya mabati weka dari.

Sasa milango, na hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko penginepo. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake walichapisha utafiti kuhusu familia za wanafunzi waliokuwa wakiishi katika nyumba za chuo cha MIT, Marekani. Kati ya majirani wa mlango wa pili, asilimia 41 walitajwa kuwa marafiki wa karibu, lakini kwa walioishi ncha mbili za korido moja kiwango kilishuka hadi asilimia 10, ingawa umbali haukuwa mkubwa. Aliyeishi karibu na ngazi alipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu. Anayechora mlango, basi, anachora pia nani atamjua nani, na kwa mgeni aliyetoka Siaya au Busia kutafuta kazi mjini, huyo jirani wa kwanza huweza kuwa ndiye atakayemwangalia mtoto siku ya ugonjwa.

Hata hivyo ukaribu una mpaka wake. Milango miwili ikitazamana kwa futi tano, kila mmoja huona hadi kitanda cha mwenzake, na matokeo yake ni pazia zito na mlango uliofungwa mchana kutwa katika joto la Kisumu. Mimi huona ua wa futi 15 kuwa kiasi cha chini kabisa, hata kama utakugharimu chumba kimoja. Mbele ya kila mlango jenga baraza ya futi nne, iliyoinuka kidogo ili maji ya mvua yasiingie, na ijulikane wazi kuwa ni ya nyumba hiyo: hapo mtu ataweka kigoda na jiko lake, atawasalimu wapitao, na akitaka kuwa peke yake ataingia ndani. Mfereji wa maji uwekwe mahali ambapo foleni ya mitungi haitasimama mlangoni pa mtu. Choo cha pamoja kisikae upande wa ziwani, na kwa kuwa upepo hugeuka usiku ukatoka nchi kavu, bomba lake la hewa lipande juu ya paa.

Ukijenga ghorofa, ni afadhali ngazi mbili zinazohudumia milango michache kuliko korido moja ndefu yenye giza, kwa kuwa wanaokutana kwenye ngazi moja kila siku humtambua mgeni mara moja.

Kuhusu barabara, mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco na kuonyesha, mwaka 1972, kwamba wakazi wa mtaa wenye magari machache walikuwa na marafiki mara tatu zaidi ya wale wa mtaa wenye magari mengi. Kama ploti yako inapakana na barabara yenye matatu na bodaboda, weka maduka mbele na vyumba vya kulala nyuma. Geti liwe la vyuma vyenye nafasi badala ya bati zima, ili mzazi aliye uani amwone mtoto aliye nje.

Mchoro ukishapatikana, na kabla hujaupeleka kaunti kuidhinishwa, uuchore ardhini kwenye ploti yenyewe kwa vigingi na kamba. Nenda saa tisa alasiri, simama panapotarajiwa kuwa mlango wa kila chumba, uone jua linakufikia wapi na upepo unapita wapi. Rudi baada ya mvua kubwa uone maji yanatuama wapi. Kisha mwite mtu anayeishi katika nyumba ya kukodisha, mpitishe ndani ya kamba hizo, na umwulize angeanika nguo wapi, watoto wake wangechezea wapi, na jioni angeketi wapi. Akikosa jibu kwa mojawapo, rudisha mchoro kwa msanifu. Kuhamisha kigingi ni rahisi kuliko kuhamisha ukuta.