Taya ikivimba ama ikivunjika: usikubali jino ling'olewe kabla ya picha ya eksirei

Hapa Mombasa uso ukivunjika mara nyingi ni boda, abiria karuka bila helmeti, ama ni ngumi. Watu hukimbilia kufuta damu, lakini cha kwanza ni pumzi. Mkalishe ainame mbele ateme, asimeze, manake akilala chali damu na ulimi vitamziba koo. Akiwa amezimia mlaze ubavu, ila kichwa na mwili mvigeuze pamoja, shingo isipindwe.

Alafu mwambie aume meno polepole. Hiki kipimo hakina gharama na chaonyesha mengi sana, kama meno hayakutani vile alivyozoea basi hesabu taya imevunjika mpaka picha iseme vingine. Washa tochi ya simu uchungulie chini ya ulimi, damu ikiwa imevilia pale ni dalili kubwa, na mdomo wa chini ukiwa umekufa ganzi upande mmoja pia. Na usitosheke na pale panapouma tu, taya la chini mara nyingi huvunjika pahali pawili, kwa mfano kidevuni na karibu na sikio la upande wa pili, hapo pa pili ndio husahaulika.

Akiona vitu viwili viwili ama shavu limebonyea, huenda ni mfupa wa shavu ama wa chini ya jicho, asipenge kamasi kabisa. Mtoto naye jicho laweza kuonekana zima, halina hata wekundu, lakini akijaribu kuangalia juu jicho halipandi na anatapika, hapo msuli umebanwa na mfupa, huyo apelekwe saa hiyo hiyo asingoje asubuhi. Maji maangavu yakichuruzika puani yaweza kuwa ya ubongo, usimzibe pua.

Pale Makadara, yaani Coast General, uliza daktari wa upasuaji wa mdomo na taya. Taya la chini hupigwa eksirei ya taya zima, mifupa ya shavu na jicho yataka CT skani. Matibabu ni kufungwa meno kwa waya wiki 4 hadi 6 hivi, ama kutiwa vyuma vidogo vya titani. Mwenye waya anaishi kwa uji mwepesi, supu iliyochujwa, maziwa na madafu, na atembee na koleo ya kukata waya, akitapika akiwa amefungwa yaweza kumuokoa.

Sasa uvimbe, na huu ndio unaniuma zaidi, kwa sababu hauumi kwahivo watu wanakaa nao. Meno yanalegea, mtu anaenda anang'olewa moja, la pili, uvimbe uko pale pale unakua. Jino zima lisilo na tundu likilegea na taya limevimba, sema picha kwanza, alafu bayopsi, wakate kinyama kidogo kipimwe. Jamani kuna wanaosema kisu huamsha saratani, si kweli, bila bayopsi daktari hajui anatibu nini.

Kwa mtu mzima, hasa taya la chini, huenda ikawa ameloblastoma. Si saratani kwa kawaida, lakini inakula mfupa. Ikikwanguliwa tu hurudi sana, ndio maana hukatwa pamoja na mfupa wa pembeni usio na ugonjwa, kama sentimita 1 hadi 2, alafu pengo hujazwa kwa chuma ama mfupa wa mguuni au wa nyonga.

Mtoto ni mbio zaidi. Kuna saratani ya Burkitt, daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, hupata watoto wa sehemu za malaria kama hizi zetu za pwani na yaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja mbili. Lakini inasikia kemo, yaani dawa za saratani, vizuri mno, wengi hupona wakiwahi, wala haihitaji kukatwa taya. Mamake mtoto akiona shavu limefura ghafla na magego yanacheza, asimpeleke kung'olewa, ampeleke hospitali kubwa wiki hiyo hiyo.

Na aliyekatwa ameloblastoma asiache kliniki akishapona, yaweza kurudi hata baada ya miaka 10, kila akirudi apigwe picha na zile za zamani aziweke abebe nazo.