Kisoma kadi kikigoma: usianze na namba ya siri

Mtu akiniletea kadi yake ya funguo (kadi yenye chipu inayohifadhi funguo za siri za kufungulia barua zilizofichwa) hapa Langoni, simuulizi kwanza ana kompyuta gani. Namuuliza: tangu ianze kugoma, umeingiza namba ya siri mara ngapi? Kadi za OpenPGP, mfumo wa kuficha barua na kuzitia saini, hukupa nafasi 3 tu. Ukizimaliza kadi inajifunga, na kuifungua kwataka namba ya msimamizi, ambayo nayo ina nafasi 3. Hizo zikiisha, funguo zilizomo hazitumiki tena, hata umpelekee fundi gani. Kwa hiyo, ndugu yangu, nakuomba sana: usiingize namba ya siri ili kuona tu kama kadi ni nzima. Hiyo ni hatua ya mwisho kabisa.

Naeleza kwa Linux, kwani ndiyo niliyo nayo mezani.

Anza na waya. Chomoa kisoma kadi, kichomeke kwenye tundu la kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio. Kama kebo yake inachomoka, badilisha. Kebo nyingi za kuchajia simu zina nyaya za umeme pekee, za data hazimo. Kisha andika:

lsusb

Kisoma kisipotajwa hapo, acha kuhangaika na programu. Tatizo ni kebo, tundu au kisoma chenyewe.

Sisi tunaoishi karibu na maji tuna adui mwingine, chumvi. Dhahabu iliyo juu ya chipu haishiki kutu, lakini mafuta ya vidole na chumvi ya hewani hujenga utando juu yake, na kadi iliyokuwa nzima mwezi uliopita ikaanza kusomeka leo, kesho isisomeke. Ifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa kidogo alkoholi ya isopropili, uiache ikauke. Usitumie msasa, utakwangua dhahabu. Ndani ya kisoma mna vijiti vidogo vya chuma vinavyogusa chipu. Hivyo ndivyo vinavyoliwa hasa. Mulika kwa tochi. Ukiona ukijani, kisoma hicho kibadilishe, kadi yako haina kosa. Msimu wa kusi mimi hufungia vyote viwili kwenye kopo lenye mfuniko wa mpira pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya.

Sasa programu. Kwenye Debian na nduguze, sehemu ya GnuPG (programu ya OpenPGP, ambayo amri yake ni gpg) inayozungumza na kadi, yaani scdaemon, hutolewa kama kifurushi cha peke yake, na wengi hawana:

sudo apt install pcscd pcsc-tools scdaemon

Endesha pcsc_scan, kisha ingiza kadi, upande wenye chipu ukitangulia. Ukiona mstari unaoanza na ATR, chipu imejibu na ni hai. Ikisema kadi imeingia lakini haijibu, igeuze. Huenda uso wa chipu umeelekea upande usio wake. Toka kwa Ctrl na C, uulize GnuPG:

gpg --card-status

Hapa ndipo wengi hukwama. pcsc_scan inaiona kadi vizuri, lakini gpg inasema "selecting card failed: No such device". Mtu anadhani kadi imekufa, kumbe ni ugomvi. Scdaemon ina draiva yake ya kushika kisoma moja kwa moja kupitia USB, na pcscd, huduma ya mfumo inayosimamia visoma kadi, nayo inakishika kile kile. Aliyewahi ndiye mwenye nacho. Kwa maoni yangu, mwachie pcscd kazi hiyo, maana programu nyingine zinazotumia kadi hupitia kwake. Fungua faili la ~/.gnupg/scdaemon.conf (kama halipo, liunde) uandike mstari mmoja:

disable-ccid

Kisha uue scdaemon ili iamke upya:

gpgconf --kill scdaemon

Rudia gpg --card-status. Kama bado, funga kivinjari au programu nyingine yoyote inayotumia kadi, kwa sababu gpg kwa kawaida huitaka peke yake. Na ikiwa inakubali ukiweka sudo tu, usiizoee njia hiyo: utajikuta na hazina mbili za funguo, yako na ya root, mtumiaji mkuu wa kompyuta. Tatizo ni ruhusa za kifaa, litengeneze huko.

Kadi ikisomeka lakini barua hazifunguki, kumbuka kwamba ufunguo wa hadharani, ule unaowapa watu wakuandikie, haukai kwenye kadi. Kwenye kompyuta mpya uingize kwanza, ndipo uendeshe --card-status ili gpg ijue sehemu ya siri iko wapi. Mwenye kadi ya akiba yenye funguo zile zile ataambiwa aingize kadi yenye namba fulani, kwa kuwa gpg imekariri ile ya kwanza. Ingiza ya akiba, kisha:

gpg-connect-agent "scd serialno" "learn --force" /bye

Sasa, kwenye majibu ya gpg --card-status, tazama mstari wa "PIN retry counter". Kuusoma hakupunguzi nafasi hata moja. "3 0 3" ni salama: ya kwanza ni nafasi za namba yako, ya mwisho za msimamizi, na ile 0 ya kati ina maana tu kwamba hukuweka namba ya kufungulia. Ya kwanza ikiwa 0, andika gpg --card-edit, halafu admin, halafu passwd, uchague 2, uingize namba ya msimamizi. Kama hukuwahi kuibadilisha na mtengenezaji hakuweka nyingine, ni 12345678. Ya mtumiaji ni 123456. Badilisha zote mbili leo hii.

Ya kwanza na ya mwisho zote zikiwa 0, kadi nyingi hukubali factory-reset ndani ya --card-edit, nayo hufuta kila kitu. Ndipo utakapohitaji nakala uliyoweka kabla ya keytocard (amri ya kuhamishia ufunguo kwenye kadi), maana amri hiyo, ukishahifadhi, haiachi ufunguo wa siri kwenye diski. Kama nakala huna, tafuta kwenye ~/.gnupg/openpgp-revocs.d: GnuPG tangu 2.1 huweka humo cheti cha kubatilisha kila ufunguo unaoutengeneza. Kiingize, usambaze ufunguo uliobatilishwa, na uwaarifu wateja wako wasiendelee kukuandikia kwa ufunguo huo.