Jinsi ya kuonja bia ya Kijapani iliyotengenezwa kwa hamira ya sake

Hamira ya sake, ile pombe ya mchele ya Kijapani, ikitiwa kwenye maji matamu ya shayiri hukutana na chakula ambacho haikukizoea. Kwenye pipa la sake, ukungu uitwao koji huvunja wanga wa mchele kuwa glukosi kidogo kidogo, na hamira huila glukosi hiyo papo hapo, katika baridi ya nyuzi 8 hadi 15 hivi. Kwenye bia, sukari imeshatolewa yote kabla hamira haijaingia, na sehemu kubwa yake ni maltosi na maltotriosi. Hamira nyingi za sake humaliza glukosi haraka, huenda polepole na maltosi, na maltotriosi huiacha.

Kwa hiyo unapoonja bia hii unatafuta vitu viwili: harufu ya matunda iliyozalishwa na hamira, na uzito mtamu uliobaki kwa sababu sukari haikuliwa yote. Hatua zote hapa chini zipo ili uvione viwili hivyo bila kudanganywa na baridi, glasi chafu au bia iliyochakaa.

Vifaa: kopo au chupa mbili za bia yenyewe (kopo la Kijapani kwa kawaida ni ml 350, chupa nyingi ndogo ni ml 330), lager moja ya kawaida isiyo na harufu kali, bia moja ya ngano ya Kijerumani, glasi za divai zenye tumbo na mdomo mwembamba, kipimajoto cha jikoni, maji yasiyo na gesi, mkate mweupe usio na chumvi nyingi, daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Soma lebo

Watu wengi huchanganya bia tatu tofauti. Kuna bia yenye mchele ndani yake, kuna bia iliyotiwa koji, na kuna bia iliyochachushwa kwa hamira ya sake. Hii ya tatu ndiyo tunayoizungumzia, na inaweza isiwe na punje moja ya mchele. Kwenye lebo tafuta maandishi 清酒酵母 (hamira ya sake) au angalau 酵母 (hamira) kwenye maelezo ya nyuma. Mchele ni 米, na koji ni 麹. Ukikuta vyote vitatu, andika hivyo kwenye daftari, maana harufu ya njugu au uyoga ikijitokeza huenda imetoka kwenye koji, na hamira haina kosa.

Angalia pia kama imeandikwa ビール (bia) au 発泡酒 (happoshu). Happoshu si lazima iwe bia duni. Ni jina la kisheria: tangu Aprili 2018 kinywaji cha Japani hakiwezi kuitwa bia kama kimea chake (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) hakifiki asilimia 50, au kama viungo vya kuongeza ladha vimezidi asilimia 5 ya uzito wa kimea. Mtengenezaji mdogo anayejaribu viungo vya ajabu huangukia huko kwa urahisi.

Ukibahatika, lebo itataja namba ya hamira. Chama cha Utengenezaji Pombe cha Japani husambaza hamira za sake kwa namba, na namba hizo zinasema mengi. Namba 6 ilitoka kwa watengenezaji sake wa Aramasa huko Akita, ni tulivu. Namba 7 ilipatikana mwaka 1946 kwa watengenezaji wa Masumi, Nagano, nayo hutumika sana na harufu yake ni ya kiasi. Namba 9 ya Kumamoto ndiyo iliyojenga jina la sake za ginjo, zenye harufu ya matunda. Namba 1801 hutoa harufu ya tufaha kwa nguvu. Ukiona 601, 701 au 901, hiyo 01 ya mwisho maana yake hamira haipandishi povu kubwa kwenye pipa. Isikuhadae: povu la kwenye glasi yako hutokana na protini za kimea na uchungu wa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), kwa hiyo bia ya namba 701 inaweza kuwa na povu zuri kabisa.

Si ajabu kwamba bia hizi nyingi hutoka kwenye nyumba za sake. Mwaka 1994 Japani ilishusha kiwango cha chini cha leseni ya bia kutoka lita milioni 2 kwa mwaka hadi lita 60,000, na watengenezaji sake waliokuwa tayari na maji, mapipa na mafundi wakaingia. Kiuchi wa Ibaraki, kwa mfano, walianza sake mwaka 1823 na bia mwaka 1996.

Hatua ya 2: Pima umri wake

賞味期限 ni tarehe ya mwisho ya ubora, na husomwa mwaka, mwezi, siku. 要冷蔵 maana yake lazima ikae kwenye friji. Hapo ndipo bia nyingi zinapofia. Harufu za hamira hii ni nyepesi, na joto huziondoa kabla halijaharibu kitu kingine. Bia iliyokaa wiki kadhaa ghalani kwenye nyuzi 30 haitakuwa na ladha mbaya sana. Itakuwa tu haina cha kuonja. Ikiwa imesafiri ndani ya sanduku la msafiri, iache friji siku mbili ikiwa wima ili mashapo yatulie.

Hatua ya 3: Glasi

Osha kwa maji ya moto na sabuni kidogo isiyo na manukato, suuza mara tatu, acha ikauke yenyewe ikiwa imeinamishwa kwenye waya. Usiikaushe kwa kitambaa. Kujua kama ni safi, ichovye kwenye maji kisha uinue: maji yakishuka kama pazia moja, ni safi, yakikatika vipande vipande, kuna mafuta, na mafuta yataua povu.

Waonjaji wa sake wana kikombe chao, kikichoko, cha kauri nyeupe chenye duara mbili za buluu chini, mchoro uitwao jicho la nyoka. Duara hizo humsaidia mtu kuona kama sake ni angavu, na rangi yake. Kwa bia kinasaidia kuangalia rangi tu. Mdomo wake mpana huachia harufu zote zikapotea, kwa hiyo pua yako ipe glasi ya divai.

Hatua ya 4: Joto

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Bia ikitoka friji moja kwa moja, kwenye nyuzi 4, harufu ya hamira haipandi, na utaandika kwamba ni lager ya kawaida. Itoe, iache mezani dakika 15 hadi 20, kisha pima. Anza kuonja kwenye nyuzi 9 au 10. Raundi ya pili utaionja kwenye nyuzi 14 au 15. Ikizidi 18, kileo na uzito wa sukari vitafunika kila kitu.

Hatua ya 5: Mimina

Kopo moja la ml 350 linatosha watu watatu: ml 110 kila mmoja, na ml 20 za mwisho zibaki na mashapo yake. Inamisha glasi, mimina nusu pembeni, kisha isimamishe na umalizie katikati ili povu lifike vidole viwili. Mashapo yaonje mwisho, peke yake. Ukiyachanganya mapema, ladha ya hamira iliyokufa, inayofanana na supu ya nyama au mchuzi wa soya, itaingia kwenye glasi zote. Bia kutokuwa angavu kabisa peke yake hakuoneshi kasoro.

Hatua ya 6: Nusa, na usiharakishe

Anza na lager ya kawaida ili pua ipate pa kuanzia. Kisha nusa bia yako mara tatu: mara ya kwanza glasi ikiwa imetulia, pumzi fupi mbili, mara ya pili baada ya kuizungusha taratibu, mara ya tatu baada ya kufunika mdomo wa glasi kwa kiganja sekunde 20 na kufunua puani.

Unachotarajia ni harufu ambazo Wajapani huziita ginjoka. Zipo mbili kubwa. Ya kwanza ni ethili kaproati: tufaha lililoiva, peasi, na kwa mbali shamari. Tufaha hapa ni lile la dukani, jekundu. Tofaa la mwambao lenye majimaji na harufu ya waridi ni tunda jingine. Ya pili ni isoamili asetati: ndizi mbivu, na ikizidi, peremende ya ndizi. Pua hukamata ya kwanza ikifika takriban miligramu 0.2 kwa lita, ya pili takriban 1.2. Usitegemee zifike nguvu ya sake ya ginjo. Mafuta yasiyokolea yaliyomo kwenye maji ya kimea huzuia hamira kutengeneza harufu ya ndizi, ilhali mchele wa ginjo umesuguliwa mpaka mafuta mengi yametoka. Kwenye bia, harufu hizi zikisikika kwa upole, kazi imefanyika vizuri.

Sasa mtihani mgumu. Asetaldehaidi nayo hunukia tufaha, lakini bichi, la kijani, lililokatwa sasa hivi, lenye ukali unaochoma pua kidogo. Hiyo ni kasoro: hamira iliondolewa mapema, au bia imepata hewa. Watu huisifia kimakosa kama harufu ya sake. Kuitofautisha, zungusha glasi kwa nguvu mara kumi, iache dakika tano, nusa tena. Asetaldehaidi huchemka kwenye nyuzi 20 hivi, kwa hiyo hukimbia upesi na harufu hupungua waziwazi. Ethili kaproati hubaki, na bia ikipata joto kidogo huwa laini na tamu zaidi. Mdomoni pia zinaachana: tufaha bichi huacha ukali wa majani mwishoni, tufaha bivu hukufanya udhani kuna sukari kuliko iliyopo.

Kisha nusa bia ya ngano ya Kijerumani. Utapata ndizi pamoja na karafuu. Hamira za sake kwa kawaida hazina uwezo wa kutengeneza ile harufu ya karafuu, kwa sababu jeni zinazohusika zimeharibika. Ukiikuta karafuu kwenye bia yako, ama mtengenezaji amechanganya hamira mbili, ama hamira ya porini imeingia. Lebo itakusaidia kuamua.

Hatua ya 7: Onja

Vuta ml 15 hivi, zungusha mdomoni sekunde tano, meza, kisha toa pumzi kwa pua ukiwa umefunga mdomo. Pumzi hiyo ndiyo inayoleta harufu ya wali mweupe uliopoa au maji ya mchele, ambayo pua peke yake huikosa.

Andika kwa mpangilio huu: utamu wa mwanzo, uchachu, uchungu, ukakasi, uzito, na kinachobaki baada ya sekunde 30. Utamu mzito unaokaa ni ile maltotriosi. Mtengenezaji hodari huusawazisha kwa gesi nyingi au uchungu kidogo wa hopsi. Asipofanya hivyo, glasi ya pili huchosha. Bia ikiwa kavu kabisa, yaelekea imetiwa kimeng'enya, koji au hamira ya pili iliyomalizia sukari. Hopsi zenye harufu kali za machungwa kwenye bia ya aina hii naona ni uamuzi mbaya, kwani hufunika kile ulicholipia.

Kati ya bia na bia, kula kipande cha mkate na kunywa maji. Raundi moja isizidi bia nne. Kileo cha bia hizi hutofautiana, kwa hiyo soma asilimia kabla ya kupanga kiasi.

Hatua ya 8: Kasoro nyingine

Harufu ya siagi ni diasetili. Hamira ilikatishwa kabla haijaisafisha. Hutokea kwa urahisi uchachushaji ukifanyika kwenye baridi kama ya sake bila kuipandisha nyuzi chache mwishoni. Harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha ni ethili asetati. Mara nyingi joto lilizidi au hamira ilichoka. Boksi lililolowa ni hewa na umri. Harufu ya kicheche ni mwanga uliopiga hopsi, hasa kwenye chupa ya kijani au isiyo na rangi. Kopo haliwezi kupata kasoro hiyo.

Kufundisha pua, weka kwenye vikopo vidogo vyenye vifuniko: tufaha la kijani lililokatwa, peasi bivu, peremende ya ndizi, karafuu mbili, siagi, kipande cha boksi kilicholowa. Nusa bila kuangalia mpaka uvitaje vyote bila kukosea.

Hatua ya 9: Tumia lile kopo la pili

Liweke kabatini wiki tatu kwenye joto la chumba, kisha lirudishe friji siku mbili. Nunua jingine lenye tarehe ileile lililokaa kwenye baridi muda wote. Yaonje pamoja kwenye nyuzi 10, mtu mwingine akikumiminia ili usijue lipi ni lipi. Andika harufu ya peasi imepungua kiasi gani kwa alama 0 hadi 5, na tarehe ya makopo yote mawili pembeni yake.