SOMO: Maonesho ya vyuo Arusha na Moshi, usirudi na kofia na vipeperushi tu

Habari zenu wadau. Matokeo ya form six yakishatoka Julai ndo mabanda ya vyuo yanaanza kuonekana kila kona, na wengine mnawakuta Nanenane pale viwanja vya Themi, Njiro, katikati ya ng'ombe na matrekta. Watoto wanaenda kwa makundi, wanapiga picha, wanapewa kalamu, jioni ukimuuliza umeona kozi gani anakwambia "vyuo vyote vizuri". Sasa fuata hivi.

1. Jipigie hesabu kabla hujatoka home
Print matokeo yako, na kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kidownload kwenye simu, kipo bure. Kwa aliyetoka form six, kozi nyingi za digrii zinataka angalau pointi 4 kwenye masomo mawili yanayotajwa na kozi husika: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwahiyo D mbili zinatosha, ila ziwe za masomo WANAYOYATAKA. Hapa ndo wengi wanapigwa, mtu ana pointi 7 za HGL (History, Geography na Language) anaenda kupanga foleni banda la uhandisi.

2. Ukifika bandani
Usiulize "mna kozi gani", utapewa kipeperushi na tabasamu. Toa matokeo yako, sema "mimi ni EGM, nina C ya Economics, D ya Geography na E ya Maths, nataka kozi hii, naingia?" Akikujibu "wewe omba tu, tutaangalia" mwambie kwa heshima akuonyeshe kwenye kitabu cha TCU, kozi ina namba yake (code), masharti yake na idadi ya nafasi. Kozi ambayo haimo mle achana nayo, hata kama banda lina spika kubwa kuliko yote.

Halafu mwache afisa udahili, mtafute mwanafunzi aliyevaa tisheti ya chuo kasimama pembeni anachezea simu. Huyo ndo atakwambia hosteli zinajaa lini, chumba mtaani bei gani, field wanatafutiwa au wanahangaika wenyewe. Mnunulie soda kama una hela.

3. Ada
Ukiambiwa "ada milioni moja na kitu" bado hujajibiwa. Omba mchanganuo wote kwa maandishi: usajili, mitihani, kitambulisho, chama cha wanafunzi, ile 20,000 ya TCU ya kila mwaka, bima ya afya. Kwa kozi za maabara au hoteli kuna vifaa na sare, na hizo hazisemwi mpaka uulize.

4. Nenda chuoni kwenyewe
Sisi huku tuna bahati, vyuo viko nauli ya daladala tu. Uhasibu iko Njiro, Arusha Technical iko hapo mjini, Makumira ni Usa River, Moshi kuna Ushirika, Mwenge, KCMC, na juu kule Mweka chuo cha wanyamapori cha tangu 1963. Nenda siku ya kazi, uone maktaba na karakana kama zinatumika au zimefungwa kufuli.

MASWALI YA WADAU

Mama wa Sakina: Mwalimu, wa kwangu ni form four ana D nne, anataka umeme. Aende au tunapoteza nauli?
Jibu: Aende mama, ila kwenye mabanda ya vyuo vya kati, walio chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Cheti huwa wanataka angalau pasi nne na masomo ya dini hayahesabiwi, kwahiyo angalia kama kwenye hizo nne kuna dini. Kwa umeme wataangalia pia hesabu na fizikia, hapo ndo muulize kwa mkazo.

Chalii wa Ngarenaro: Mwalimu bodi ya mkopo nao wakiwepo naomba palepale?
Jibu: Ukikuta banda lao watakuelekeza, ila mkopo unaombwa mtandaoni kwenye mfumo wa HESLB na ni maombi tofauti kabisa na ya chuo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema chalii wangu, usisubiri dirisha lifunguliwe ndo ukimbizane.

Mdau Majengo, Moshi: Nina diploma GPA 2.8, digrii naingia?
Jibu: Moja kwa moja hapana, wanataka 3.0. Kaulize Chuo Kikuu Huria kuhusu foundation, ile kozi ya kujiandaa kuingia digrii.

Dada wa Himo: Niliomba vyuo vitatu, viwili vimenichagua, sasa nafanyaje?
Jibu: Hongera dada. Unatumiwa namba ya siri (code) kwa meseji, unaitumia kuthibitisha chuo KIMOJA kabla muda haujaisha. Usimpe mtu yeyote hiyo namba, hata yule kaka wa steshenari anayekusaidia, ingiza mwenyewe.