Sinema ya inje mu kartiye, hapa Lubumbashi: karatasi za kuomba, feza itakayotoka, na ile noti ya kodi itakayokuchelewesha

Mvua imeisha, na kila mtu mwenye projekteri na shuka nyeupe ameanza kuwaza sinema ya inje. Vizuri. Sisi tumetoka kufanya yetu, ya bure, ya watoto na wazazi, mu uwanja wa basket, na ninaandika sasa hivi wakati hasira ingali moto, kwa sababu nikingoja itapoa na nitaanza kusema ilikuwa rahisi.

Mbele ya kuandika hata barua moja, elewa hii: ruhusa ya mahali na ruhusa ya filamu ni vitu viwili, na hakuna biro itakayokupa vyote viwili. Burgumestre (mkubwa wa komini) anaweza kukusainia karatasi yenye tampo (mihuri) mbili na sahihi ndefu, ile karatasi inasema tu kwamba unaweza kukusanya watu pale, siku ile. Juu ya filamu haisemi kitu. Na mwenye filamu akikubali, polisi wa kona hana habari naye.

Anza na filamu, juu barua ya komini itataka titre (jina la filamu). Ile diski ya kununua kando ya barabara, usiifikirie hata. Netflix nayo, feza unayolipa kila mwezi ni ya kuangalia nyumbani, si ya kutundika ukutani mwa shule. Najua utakachosema: lakini ni bure, hatuuzi tiketi! Bure haibadilishi kitu. Kartiye nzima haiko familia yako hata kama kila mtoto anakuita tonton. Kule Marekani sheria yao iko wazi kabisa juu ya hii, ukitoka inje ya mzunguko wa familia na marafiki zako wa kawaida ni maonyesho ya hadhara, na fidia ya kumlipa mwenye haki inaanza dola 750 kwa filamu moja, inaweza kufika 30,000, na kama ulifanya kwa kusudi 150,000. Kule kuna kampuni sawa vile Swank na Criterion ambazo kazi yao ni kuuza leseni za namna hii, filamu moja usiku mmoja, mara nyingi dola mia kadhaa, na ukiuza tiketi wanataka na sehemu ya mapato. Hiyo sheria yao haitakufuata mpaka hapa kwetu Katuba, lakini ukitaka filamu ya studio kubwa ujue njo hesabu wanayozoea, na utaandika kwa distribiteri (mwenye kugawa filamu) umuulize kwanza nani ana haki za Kongo, kisha utangoja. Mimi singengoja.

Kwetu kuna sheria, ordonnance-loi nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za mwandishi. Kwa jumla kazi inalindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 nyuma ya kifo chake. Kutoka pale naona milango mitatu yenye inafunguka kweli.

Wa kwanza, filamu za Wakongomani wenzetu. Mwandikie prodiseri mwenyewe, mara nyingi ni mtu ambaye rafiki wa rafiki yako ana nambari yake ya WhatsApp. Mwombe barua, hata ukurasa moja, yenye titre, tarehe, mahali, mara ngapi utaonyesha, bure ao ya kulipa, na sahihi yake. Usikubali sauti ya WhatsApp ya «hakuna shida ndugu, onyesha tu», juu sauti haipigwi fotokopi. Bei ni maelewano, wengine wanaomba kidogo, wengine wanaomba tu uwatumie picha za watu wakiangalia. Na umuulize kama Commission de censure (tume ya serikali ya kuchunguza kazi za sanaa) ilishaiona, ili ukiulizwa uwe na jibu.

Wa pili, Institut français, kituo cha utamaduni cha Ufaransa, pale Halle de l'Étoile. Wako na katalogi yao ya IFcinéma, filamu ambazo haki zake zimeshapangwa kwa maonyesho yasiyo ya biashara mu mtandao wao. Maana yake hauendi kuchukua faili sawa vile unachukua mkate, unaenda kuomba ushirikiano, na uende mapema.

Wa tatu, filamu za zamani sana. The General ya Buster Keaton ni ya 1926, na Keaton alikufa 1966, hesabu iko wazi. Haina maneno ya kusema, kwa hiyo mama wa komini ya Kenya na mtoto wa kartiye ya Golf wanacheka pamoja pale pale. Lakini angalia mtego: kopi iliyosafishwa yenye muziki mpya, ule muziki una mwenyewe. Zima sauti, tafuta mpiga gitaa wa kartiye umpe feza kidogo na kiti kizuri.

Na kwa sababu tuko ku muziki: ile miziki utakayopiga mu sono (vyombo vya sauti) kungoja giza, hiyo ni habari ya SOCODA, shirika la haki za waandishi na wanamuziki lililochukua nafasi ya SONECA tangu 2011. Pita kwao mbele, uulize, upate karatasi.

Sasa mahali. Katiba, article 26, inasema ukifanya manifestation (mkusanyiko wa watu) mu barabara ao mahali pa wazi unapaswa kujulisha mamlaka kwa maandishi. Kujulisha. Jaribu kulisoma hilo neno mbele ya gishe (dirisha la afisi) uone macho watakayokuangalia nayo. Kwa kazi ya kweli, unaomba otorizasyon (ruhusa). Uwanja wa komini, andikia burgumestre. Barabara ya kufunga ao plasi kubwa ya mjini, andikia ku Meri (afisi ya mkubwa wa mji). Uwanja wa shule ao wa paroasi, kwanza karatasi ya mwenye uwanja, kisha barua ile ile kwa burgumestre. Jua kwanza uko mu komini gani, si kicheko, iko saba (Lubumbashi, Kenya, Katuba, Kamalondo, Kampemba, Ruashi, Annexe) na kuna avenyu ambapo upande huu ni huku na upande ule ni kule.

Barua ni kwa Kifransa, ukurasa moja: objet (mstari wa juu unaosema barua ni ya nini), tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, watu wangapi, titre ya filamu, nani anajibu pamoja na nambari ya simu. Weka fotokopi ya karte ya elekta na barua ya prodiseri. Chini andika kopi kwa polisi na ANR (usalama wa taifa), na uwapelekee kweli, usiandike tu kupamba. Ku sekretariati ng'ang'ania accusé de réception: tampo, tarehe na nambari juu ya kopi YAKO. Bila hiyo barua yako haikuandikwa kamwe, hata kama mama wa sekretariati ameiweka mu dosye mbele ya macho yako na akakuambia «rudi juma ijayo papa». Na hiyo akize (accusé) haiko otorizasyon, ni alama tu kwamba wameipokea. Jibu linatoka kivyake, na ni wewe utakayelifuata.

Basi tufike ku noti, pale wakati wetu wote ulikwisha.

Otorizasyon ikikubaliwa wanaweza kukutuma mu service moja ya taksi (kodi) kutengenezewa note de perception. Ni karatasi inayosema unalipa nini, kwa tendo gani, ku banki gani. Shida ni kwamba yule mtu wa ordinateri (kompyuta) ana orodha ya matendo, na mu orodha yake hakukuwa filamu ya bure ya watoto. Kulikuwa spektakle. Akabonyeza pale. Kulingana na karatasi tulikuwa tunaleta konseri, ya kulipa, na bei ilikuwa ya konseri! Tukamuonyesha barua, pale imeandikwa bure, akasoma yote, akakubali kabisa kwamba ni bure, kisha akasema mashine imeshatoa. Noti ikishatoka haifutwi na aliyeitoa, inafutwa na mkubwa anayesaini, na mkubwa alikuwa mu misio (safari ya kazi) Likasi. Aliporudi alitaka barua nyingine ya kuomba kusahihishiwa, hiyo barua ikapitia sekretariati, sekretariati ikataka akize, na mukubali ao mukatae tulirudi mwanzo wa mstari, kwa karatasi ambayo kosa lake si letu. Tunazidi kupita mu afisi, maafisa wanakuwa na adabu sana, kiti wanakupa, kitu unachotafuta njo hawakupi.

Kwa hiyo fanya hivi. Mu objet ya barua ya kwanza kabisa andika: projection gratuite, sans vente de billets ni de boissons (filamu ya bure, bila kuuza tiketi wala vinywaji). Si chini mu maelezo, ni mu objet, juu mtu wa ordinateri anasoma objet tu. Pamoja na ile barua weka ya pili fupi ya kuomba wasamehe taksi kwa sababu ni bure, uipeleke siku ile ile. Na ku gishe, mbele hawajabonyeza kuchapisha, omba kuangalia ekran: tendo gani, kiasi gani, jina limeandikwa vizuri. Wanashangaa kidogo kisha wanageuza ekran. Sekunde kumi zile zingetuokolea juma nzima.

Kulipa ni ku banki, kamwe si mu mkono wa mtu, hata akiwa na baji. Ukilipa na dola beba noti safi, ile yenye kipasuko cha ncha ya ukucha itarudishwa, hiyo unajua. Kisha rudi na bordero (karatasi ya malipo) ya banki kule ile note de perception ilitoka, upate kitansi (risiti) ya mwisho, watu wengi wanasahau hii mwendo wa mwisho na usiku wa filamu wanabaki wanabishana. Matabishi? Watakuomba, kwa tabasamu, ya maji, ya kredi ya simu. Sitakuambia la kufanya, nasema tu usiyaweke mu bajeti kama taksi juu hayana kitansi.

Vyombo nitapita haraka. Sono na grupu (jenereta) vilikula sehemu kubwa ya feza yetu kupita filamu yenyewe. Projekteri ya salle de réunion (chumba cha mikutano) haitoshi. Kwa ekran ya mita 4 tafuta ya mwangaza wa lumen 3,000 kwenda juu na ungoje giza kweli, mu mwezi wa sita na wa saba jua linazama karibu saa kumi na mbili za jioni. Grupu ya kVA 3 ao 5 inabeba projekteri na sono ya kadiri, iweke mbali, nyuma ya ukuta, na ralonji (kebo ya kurefusha umeme) ndefu, la sivyo watu watasikiliza mota. Kebo ya HDMI ikipita mita 15 picha inaanza kukatika, kwa hiyo ordinateri ikae karibu na projekteri na sauti njo itembee mbali. Esansi (petroli) jaza mbele, si katikati ya filamu mota ikiwa moto. Ekran ya bashe (turubai) nyeupe ifungwe chini na pembeni, upepo wa msimu huu unaigeuza tanga. Na waambie watu waje na koti, baridi ya hapa usiku wa mwezi wa saba haina mchezo.

Usiku wenyewe, piga kila karatasi fotokopi mbili: moja kwako, moja kwa mtu wa mlangoni mwenye maneno matamu. Maajenti wanakuja, na wanakuja filamu ikishaanza kunoga, wa service ambayo hukuwahi kusikia. Mtu wa mlangoni anatoa dosye, anawapa viti vya mbele, anawaacha wasome.

Na kama unapanga mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, andika tarehe mbili mu barua, ya kwanza na ya kubadilisha kama mvua imeanguka. Ukiandika moja tu na mvua ikaja, otorizasyon imekufa nayo, unaanza tena ku sekretariati, na noti pia.